Silivu iliyogoma kutoka kwenye injini ya trekta la zamani

Mkuu, umesema hedi na pistoni umeshazitoa, silivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hucheza) mbili zimetoka, ya tatu imegoma, na sasa unataka kuigonga kwa chini na nondo. Nondo weka kando kwanza. Ukigonga upande mmoja, silivu inakaa mshazari na kujibana zaidi, na ikivunjika vibaya inakwangua bloku. Silivu ni ya kutupa, bloku huwezi kuitupa.

Hujasema ni silivu ya maji, inayoguswa na maji ya kupoza injini, au kavu, isiyoguswa nayo. Trekta la Ferguson TE20 lina za maji. Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins AD3.152 lina kavu, zimeshindiliwa kwa presi. Za maji kinachozishika ni kutu na magadi kule chini kwenye ringi za kuzibia maji, kwa hiyo kuvuta juu bila kulegeza chini ni kujichosha. Mwaga maji yote, tia mafuta ya kulegeza kutu kupitia matundu ya maji, uache usiku kucha. Mimi huchanganya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu.

Kisha pula, kifaa cha kuvutia silivu juu kwa kukaza bolti. Sahani yake ya chini ishike ukingo wa silivu pande zote bila kugusa bloku; ikigusa, unavuta injini nzima. Kaza hadi bolti iwe na mvuto mkali, gonga kichwa chake kidogo, uondoke. Mara nyingi ukirudi unakuta imelegea.

Ikigoma bado, ndipo ninapowasha mashine ya kuchomelea, hasa kwa silivu kavu. Piga mistari mitatu au minne ya weldi ndani ya silivu, juu hadi chini, kwa nafasi sawa. Chuma cha weldi kikipoa kinajikunja na kuivuta silivu ndani, inaachia bloku. Ikipasuka, sawa tu. Ila asetoni iwe imekauka kabisa isije ikashika moto, kranki ifunikwe vizuri, na klampu ya ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) uibane kwenye silivu yenyewe, umeme usipite kwenye beringi.

Ikishatoka, sugua kikalio cha silivu kwenye bloku hadi chuma king'ae. Chembe ya kutu ikibaki pale, silivu mpya inakaa juu kuliko ipasavyo, gasketi ya hedi haibani sawasawa. Kama ni ya maji, ijaribu kwanza bila ringi za kuzibia: inatakiwa ishuke kwa mkono. Ikidai nyundo, itoe usugue tena.