Ziada ya kikundi cha ngoma hapa Iringa
Umeuliza kama kikundi chenu cha ngoma kitapoteza hadhi yake ya kutolenga faida kikibakiwa na fedha baada ya onyesho. Hapana, ndugu, hakipotezi, kwa kuwa "kutolenga faida" hakumaanishi mfuko uwe mtupu kila mwisho wa mwaka, bali kwamba kinachobaki hakigawanywi kwa wanachama kama gawio la wanahisa, na kinarudi katika kazi: ngoma mpya, mavazi, nauli ya kwenda Mbeya. Mcheza ngoma au mhasibu aliyefanya kazi anaweza kulipwa ujira. Huo ni gharama, si mgawo wa faida, na hapo ndipo wengi huchanganya. Nilisoma kozi ya uongozi wa sanaa na usimamizi wa mashirika ya aina hii, na somo la bajeti (lililokuwa gumu kuliko yote, nakiri) lilianza na jambo hilihili. Angalizo ni kwamba usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ni jambo moja, na usajili wa shughuli za sanaa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ni jingine, hivyo cheti kimoja hakichukui nafasi ya kingine.