Seva ikijaa, usikimbilie kufuta

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Kasulu. "Kaka, shikamoo. Seva ya ofisi imejaa asilimia 100. Nimefuta logi kubwa kuliko zote lakini nafasi hairudi. Nifute nini kingine?" Nimeusoma mara tatu. Swali hilo la mwisho nilijiuliza mimi miaka minne iliyopita, hapa Mwanga, Kigoma, Jumamosi asubuhi, nimepiga magoti sakafuni kwenye chumba cha nyuma ya ghala. Lilinigharimu kazi.

Seva ilikuwa ya mfanyabiashara wa jumla, mzee ambaye sitamtaja. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, mizigo inayopakiwa kwenye maboti pale Kibirizi na kuvuka ziwa kwenda Kongo na Burundi. Madeni yake yote yalikuwa kwenye madaftari mpaka nilipomwandikia programu ya stoo na wadaiwa. Nilikuwa na miaka 24. Kila nikipita pale nikiwaona makarani wanatumia kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, moyo ulikuwa unajaa. Wewe unayesoma hapa unaijua hiyo raha, au unaitafuta.

Jumamosi ile programu ikaganda. Wateja wamepanga foleni, maboti yanasubiri, karani mmoja ananipigia simu kila dakika tano. MySQL, hifadhidata iliyotunza taarifa za programu ile, ikikosa nafasi haifi. Inasubiri, inachungulia kila dakika kama nafasi imepatikana. Kwa mtu aliyesimama kaunta hiyo ni sawa na kufa. Nikaandika df -h, amri inayoonyesha diski imejaa kiasi gani. Diski ya mfumo, ile ambayo Linux huiandika kwa mkwaju mmoja tu, /, ilisoma ukubwa GB 98, imetumika GB 93, imebaki sifuri. Msishangae hesabu hiyo: mfumo wa ext4 kwa kawaida humtengea root, yaani mtumiaji mkuu, asilimia 5, ili seva ikijaa msimamizi apate pa kupumulia. Usiichukue akiba hiyo kwenye diski ya mfumo.

Kijasho kikaanza. Nikakuta logi moja ya programu yangu, yaani faili la kumbukumbu za kazi zake, ina GB 11, nikaifuta kwa rm, amri ya kufuta. Nikaandika df tena: GB 93, haikupungua hata kidogo. Sikujua wakati ule kwamba faili likiwa bado limeshikwa na programu inayoendelea kuandika, ukilifuta unafuta jina lake tu. Nafasi hairudi mpaka programu iliachie. Amri ya lsof +L1 inakuonyesha mafaili ya namna hiyo, na nani kayashika. Mimi nilizima na kuwasha huduma kwa kubahatisha, GB 11 zikarudi, foleni ikasogea. Watu wakanipongeza. Mzee mwenyewe akaagiza niletewe soda.

Lakini hesabu ilikuwa haikai. Jioni nimekaa nikaandika du -xsh / ili nijue mafaili yote ya diski ile yana uzito gani. GB 46. Nikarudia df. GB 82. Ndugu zangu, GB 36 zimekwenda wapi? lsof haionyeshi kitu. Nikapita folda moja moja kutoka /var hadi /home. Hakuna. Saa mbili usiku mlinzi akaja kuniuliza kama nalala pale.

Jibu lilikuwa la wiki sita nyuma. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, seva ikawaka, lakini diski ya nje ya bakapu, yaani ya nakala za akiba, haikuwaka nayo. Folda ya /mnt/bakapu ni mlango tu. Diski ya nje ikipachikwa pale, kila unachoandika kinaingia kwenye diski ya nje. Isipokuwepo, mlango unabaki folda ya kawaida ndani ya diski ya mfumo. Skripti yangu ya bakapu, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, haikuuliza kitu. Kila usiku iliandika GB 4 pale pale, usiku tisa. Siku ya kumi nikagundua, nikaipachika diski, nikafurahi, nikaenda zangu. Nilichokuwa nimefanya ni kutandika mkeka juu ya nafaka iliyomwagika. Ukifagia, unafagia mkeka.

Nilitengeneza folda tupu, /mnt/chini, nikaandika mount --bind / /mnt/chini, maana kwa njia hiyo unaiona diski ya mfumo yenyewe bila vilivyopachikwa juu yake. Nikafungua /mnt/chini/mnt/bakapu. Yakatokea mafaili tisa, moja chini ya jingine, kila moja na tarehe ya usiku wake. Nilikaa nayatazama muda mrefu kabla sijayagusa.

Kesho yake asubuhi nikamweleza mzee ukweli wote. Ningeweza kusingizia umeme. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema maneno mawili: "Kumbe wewe." Jumatatu akamleta fundi kutoka Dar es Salaam, ambaye alifuta kila kitu na kusimika upya, kwa bei ambayo mimi sijawahi kulipwa. Mpaka leo nikipita nje ya ghala lile natazama upande wa pili wa barabara.

Leo naangalia seva nne, kutoka Ujiji hadi Kasulu, na hakuna iliyowahi kujaa mikononi mwangu. Skripti zangu zote za bakapu zinaanza na mountpoint -q /mnt/bakapu, amri inayouliza kama diski imepachikwa pale. Diski isipokuwepo, zinasimama na kunitumia ujumbe. Na folda yenyewe, diski ikiwa haijapachikwa, naifunga kwa chattr +i isiandikike. Hayo ni mambo ya dakika kumi.

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaotaka kukabidhiwa seva za watu: acheni kuuliza mfute nini. Ulizeni nafasi imekwenda wapi. df kwanza, kisha du, kisha linganisha. Zikipishana sana, usifute kitu, tafuta. Na df -i msiisahau, maana diski inaweza kuwa na nafasi tele huku hesabu ya mafaili imekwisha. Logi za binary za MySQL, zinazorekodi kila badiliko la data na ambazo toleo la 8.0 huzitunza siku 30 lisipoelekezwa vingine, zisiguswe kwa rm kamwe. Tumieni PURGE BINARY LOGS ndani ya MySQL yenyewe. Nimeona mtu anafuta /var/lib/mysql kwa sababu "ilikuwa kubwa". Kubwa ndiyo, mle ndimo yalimokuwa madeni ya watu! Kazi yetu ni amana. Mtu akikukabidhi madaftari yake, kakukabidhi chakula cha watoto wake, basi linganisha kwanza, futa baadaye.

Yule kijana nimemwambia aandike lsof +L1. Jana saa nne usiku akanitumia picha ya skrini: mstari mmoja, faili lililofutwa, GB 22, limeshikwa na huduma moja ya mtandao. Nimemjibu asizime seva nzima, aanzishe upya huduma ile tu, kisha aandike df -h anitumie.

Bado nasubiri.