Mgambo si "askari wa manispaa" tu

Umeuliza kama mgambo wamewahi kufanya lolote zaidi ya kufukuza machinga. Wamefanya, tena kubwa!

Jeshi la Mgambo lilipata nguvu baada ya Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, mwaka uleule Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda. Mkulima, mwalimu au karani aliendelea na kazi yake, na jioni akajifunza kwata na shabaha. Usilichanganye na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanza 1963. Kule vijana huingia kambini moja kwa moja.

Mtihani ulikuja Oktoba 1978 Amin alipovamia Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Maelfu kwa maelfu ya mgambo waliitwa, wakaungana na jeshi la Tanzania, JWTZ, hadi ndani ya Uganda.

Soma hasa habari za Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo. Machi 1979 pale Lukaya, Uganda, kwenye barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala, walikutana na majeshi ya Amin na ya mshirika wake Libya. Wengi hawakuwa wamewahi kuona vita. Makombora ya Katyusha yalipoanza kumiminika, walitawanyika. Lakini walikusanywa upya, na kesho yake wakashambulia kutoka mbele huku Brigedi ya 208 ikizunguka ubavuni. Adui akavunjika. Kampala ilianguka Aprili 11.

Kwangu mimi, kurudi kwenye mapigano baada ya hofu ile ni ushujaa mkubwa kuliko kutoogopa kabisa. Kama kijijini kwenu kuna mzee aliyekuwepo, mkalie chini akusimulie.