Kioo cha tinti hakijui nje wala ndani

Tinti ya kuakisi imeenea sana kwenye madirisha ya alumini mijini. Mchana inafanya kazi nzuri: anayepita barabarani anaona mawingu na sura yake mwenyewe, na wewe uliye sebuleni unamwona mpaka vifungo vya shati. Giza likiingia ukawasha taa, mambo yanageuka. Dirishani unajiona wewe, na aliye nje anawaona nyote mkila chakula cha usiku. Kila ninayemjua akihamia nyumba yenye vioo hivyo namwambia jambo moja: nunua mapazia kabla ya usiku wa kwanza, ukianza na vyumba vya kulala. Wauzaji wengi hawalisemi hili, na linaniuma, kwa sababu familia inaweza kukaa miezi ikiamini imejisitiri.

Kioo hiki hakina upande wa kuonea na upande wa kufichia. Ni kioo cha kawaida chenye utando wa metali, mara nyingi alumini, mwembamba kiasi kwamba sehemu ya mwanga inarudi na sehemu inapenya. Emil Bloch, mkazi wa Cincinnati huko Marekani, alipewa hataza ya kioo kinachoakisi na kupitisha mwanga mwaka 1903, na kanuni ni ileile hadi leo. Asilimia inayopenya kuingia ndani ni sawa na inayopenya kwenda nje. Kinachoamua nani amwone nani ni taa na jua.

Tuchukue kioo kinachorudisha asilimia 70 ya mwanga na kupitisha 20. Nje, kivulini, kuna mwanga wa kiasi cha lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Sebuleni kuna 200. Aliye nje anarudishiwa 7,000 za upande wake, na kutoka ndani zinamfikia 40 tu. Sura yako imezama kabisa. Wewe uliye ndani unarudishiwa 140, lakini za nje zinazokufikia ni 2,000, kwa hiyo unamwona bila shida. Usiku badilisha hizo namba, utapata jibu. Ndiyo maana kwenye vyumba vya mahojiano vya polisi vyenye kioo hiki upande wa watazamaji huwekwa giza. Mmoja wao akiwasha simu, uso wake unaweza kuonekana upande wa pili.

Ukitaka kulielewa hasa, lijaribu kwa mikono yako. Chukua kioo cha fremu ya picha, omba kwa fundi kipande cha tinti kilichobaki, kibandike kwa maji ya sabuni. Kisimamishe mezani usiku, mkae wawili mkitazamana, kila mmoja na taa yake ikimulika uso, si kioo. Zimeni taa nyingine zote. Mimi nilifanya na binti yangu. Taa yake ilipokuwa karibu naye nilimwona yeye tu; alipoisogeza nyuma taratibu, paji langu lilianza kutokea juu ya nyusi zake, kisha tukawa uso mmoja wenye macho yake na ndevu zangu. Alipiga kelele, kisha akataka turudie. Siri ni umbali: taswira yako inaonekana nyuma ya kioo kwa umbali uleule uliokaa wewe mbele yake, kwa hiyo mkae sawasawa, la sivyo nyuso hazitalingana ukubwa.

Kioo hichohicho, ukikiweka mbele ya kioo cha kujitazama na utepe wa taa za LED katikati, kinakupa handaki la taa lisilo na mwisho. Likifikia taa ya tano au ya sita linafifia, maana kila mzunguko unapoteza mwanga.

Sasa ile hofu ya kuchunguliwa kupitia kioo kwenye nyumba za wageni na vyumba vya kujaribia nguo. Kuna ujumbe unaosambazwa kwenye simu: gusa kioo kwa ukucha, usipoona nafasi kati ya ukucha na taswira yake, unachunguliwa. Usiutegemee. Nafasi hiyo inaonyesha tu kama metali imepakwa mbele au nyuma ya kioo. Kioo cha kuchungulia kilichopakwa nyuma kitakuonyesha nafasi na kukutuliza bure, na bamba la chuma lililong'arishwa halitaonyesha nafasi ingawa halina kosa. Badala yake zima taa, gandamiza tochi ya simu kwenye kioo, weka jicho karibu na uzibe mwanga kwa kiganja. Kama nyuma yake kuna chumba, tochi itakimulika, nawe utaona ukuta au kiti. Na kama kioo kimetundikwa kwenye msumari, kiinue tu uangalie nyuma yake.