Je, niwatetee watu wangu hata kabla ya kujua ukweli?

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Niko katika jumuiya ya wanafunzi yenye watu wa makabila na dini mbalimbali. Siku hizi hoja haipimwi tena kwa ukweli wake, inapimwa kwa msemaji: ni wetu au si wetu? Sasa mweka hazina, mtu wa kabila letu na Muislamu mwenzetu, anatuhumiwa kula fedha za jumuiya. Tumeletewa barua tutie saini kwamba tuhuma hizo ni chuki dhidi yetu, na hesabu hakuna aliyezitazama. Nilipokataa nikaitwa msaliti, nikaambiwa kwamba "haki sawa kwa kila mtu" ni fikra za kiliberali za Wazungu. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Mwanangu, barua hiyo usiitie saini. Saini yako ni ushahidi, na ushahidi wa jambo usilolijua ni haramu, awe anayetetewa ni jirani, mjomba au imamu wako.

Jambo lenu hili lilishatokea Madina, na Qur'an ikashuka kwa ajili yake. Wafasiri wanasimulia, kwa riwaya zinazotofautiana katika baadhi ya majina, kwamba mtu wa ukoo wa Ubayriq, katika Ansari (Waislamu wenyeji wa Madina), aliiba deraa, yaani vazi la chuma la vita, iliyokuwa ndani ya mfuko wa unga. Mfuko ulikuwa na tundu, unga ukamwagika njiani. Alipoona anashukiwa, akaipeleka deraa kwa Myahudi mmoja, nayo ikakutwa huko. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea ndugu yao. Huyu ni Muislamu, yule ni Myahudi. Wakadhani hilo linatosha. Ndipo zikashuka aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105: usiwe mtetezi wa makhaini. Aya ya 109 inawageukia watetezi wenyewe: nyinyi mmewatetea hawa katika maisha ya dunia, basi ni nani atakayewatetea mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama? Itazame aya hiyo kwa utulivu. Wahyi umeshuka kumsafisha mtu asiye wa dini yetu na kumfichua aliyekuwa safuni mwetu, wakati ambao Waislamu walikuwa wachache na kila mmoja wao alihesabika. Hakuna aliyeambiwa kwamba umoja wa kundi utaharibika, basi anyamaze.

Wala sikwambii uachane na watu wako. Makabila na mataifa ameyaumba Mola ili tujuane (Al-Hujurat, 13), na kumpenda jamaa yako si dhambi. Ubaya unaanzia mahali pengine, na hadithi ya Jabir iliyomo katika Bukhari na Muslim inapaonyesha. Katika msafara mmoja, Muhajirina, yaani Muislamu aliyehamia Madina kutoka Makka, alimpiga Ansari. Huyu akapaza sauti, "Enyi Ansari!" Yule naye, "Enyi Muhajirina!" Mtume (S.A.W.) akasema, "Iacheni, hiyo inanuka." Sasa fikiri: Muhajirina na Ansari ni majina yaliyosifiwa na Qur'an yenyewe (At-Tawba, 100). Majina hayakuwa na kosa. Lakini yalipogeuzwa kuwa ukelele wa kukusanya watu kabla hata ya kuuliza nani kampiga nani na kwa nini, yakaitwa wito wa Jahiliya, zama za ujinga kabla ya Uislamu. Ikiwa jina tukufu kama Ansari halikusalimika, hali ya majina yetu ni ipi?

Kuhusu kwamba haki sawa ni fikra za Wazungu. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alihudhuria mkataba wa Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa bei ya bidhaa zake na mkubwa wa Makka, hana ukoo wa kumsimamia, na watu wakaahidiana kusimama na aliyedhulumiwa awe mwenyeji au mgeni. Walioahidiana hawakuwa Waislamu. Hata hivyo, baadaye Mtume alisema kwamba lau angeitwa kwenye mkataba huo katika Uislamu angeitikia. Basi sisi hatuiulizi haki pasipoti yake. Katika uliberali yamo ambayo hatukubaliani nayo, hasa juu ya chanzo cha sheria na mipaka ya uhuru. Lakini kwamba sheria iwe moja kwa wote, na kwamba mtu asihukumiwe wala asiachiliwe kwa nasaba yake, hayo tutayakataa kwa hoja gani?

Wenzako wana jambo moja la kweli, na usiwapuuze. Wako waliohubiri usawa huku wakiwaacha watu nje. Ufaransa ilitangaza haki za binadamu mwaka 1789, na bado watumwa wa Saint-Domingue, koloni lake katika Karibi, walikuwa kwenye minyororo. Wakaasi mwaka 1791, na mwaka 1804 wakaunda Haiti. Walichodai ni uhuru ambao wengine walijitangazia wenyewe. Hawakusema kwamba uhuru ni wa Wafaransa na hauwahusu. Mwenye kudhulumiwa kwa sababu ya kabila lake ana haki ya kusema kwa jina la kabila hilo, na asikilizwe kwanza, maana anajua mahali panapomuuma. Ila kusikilizwa si kuondolewa kwenye mizani.

Sasa fanya hivi. Pendekeza hesabu zikaguliwe na watu wa pande zote mbili, risiti kwa risiti. Mpaka hapo, usimwite mweka hazina mwizi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Akionekana hana kosa, simama hadharani umtetee, hata kama chumba kizima kimekasirika. Akionekana ana kosa, arudishe, na wewe uwe wa kwanza kumwambia kwa upole, kwani Mtume (S.A.W.) alipoulizwa namna ya kumsaidia ndugu aliye dhalimu, alijibu kuwa ni kumzuia na dhuluma. Na kama miongoni mwa wanaotuhumu wapo waliolitukana kabila lenu, hilo ni shauri la pili. Lipelekeni peke yake kwenye kikao, ili walijibu. Katika jumuiya baki, usijitoe. Wanaokuita msaliti leo, endelea kuwasalimia.

Wallahu a'lam.