Kukausha mboga kwa kugandisha: je, friza ya nyumbani inatosha?

Swali: Nimesoma kuhusu mboga zilizokaushwa kwa kugandishwa, zile zinazosemekana kukaa miaka 25 bila kuharibika. Mashine yake ni ghali. Nyumbani nina friza ya kawaida na kile kimashine cha kunyonya hewa na kuziba mifuko ya plastiki. Nikivitumia viwili hivi pamoja, nitapata matokeo yaleyale? Na nikilazimika kununua mashine, nizingatie nini ili mboga zidumu kweli na zisitudhuru?

Jibu: Hapana, hutapata matokeo yaleyale. Nitaeleza kwa nini, maana ukielewa sababu yake utaelewa pia makosa mengi wanayofanya hata wale waliokwisha kununua mashine.

Katika njia hii maji huondolewa yakiwa bado barafu. Barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka kwanza, ndiyo maana mboga haisinyai. Nafasi zilizokuwa na barafu hubaki wazi, na kipande hubaki na umbo na rangi yake, chepesi na chenye vitundu kama sifongo. Jambo hili hutokea hata ndani ya friza yako. Mboga iliyosahaulika humo miezi mingi huota mabaka makavu yaliyopauka, na hayo ni maji yaliyotoroka kama mvuke. Lakini chini ya mgandamizo wa kawaida wa hewa kazi hiyo huenda polepole mno, na wakati wote huo oksijeni inaila mboga.

Ili iende haraka, mgandamizo lazima ushuke chini ya paskali 611 (paskali ni kipimo cha mgandamizo), kiwango ambacho chini yake maji hayawezi kukaa katika hali ya kimiminika. Hewa tunayoivuta, usawa wa bahari, ina takriban paskali 101,325. Mashine za kukaushia za nyumbani hufanya kazi chini ya paskali 100 hivi. Kimashine chako cha kuziba mifuko hakifiki huko hata kidogo. Kikimaliza kunyonya, ndani ya mfuko bado kuna maelfu mengi ya paskali. Tena kinaziba mfuko! Mvuke unaotoka kwenye barafu hauna pa kwenda, kwa hiyo unyevu wote unabaki humo humo na mboga yako. Ulichopata ni mboga iliyogandishwa na kufungwa vizuri. Si kitu kibaya, lakini umeme ukikatika siku kadhaa imeharibika.

Kuna watu hufikiri basi wanunue pampu yenye nguvu ya kutengeneza ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, na kuiunganisha na chombo chochote kilicho imara. Hapo tatizo la pili hujitokeza, nalo ni wingi wa mvuke. Gramu 1 tu ya barafu, ikigeuka mvuke chini ya paskali 100, hujaza zaidi ya mita 1 ya ujazo. Kilo 1 ya mchicha ina gramu 900 hivi za maji. Hakuna pampu ndogo itakayoumeza mvuke wote huo. Ndiyo sababu mashine halisi huwa na ukuta au bomba lililopozwa hadi nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, ambako mvuke hunaswa na kuganda upya kabla haujaifikia pampu. Chini ya trei kuna vipasha joto, kwa sababu kuigeuza kilo 1 ya barafu kuwa mvuke hudai kilojuli 2,800 hivi, na nishati hiyo lazima itoke mahali. Kwa hiyo mashine inapoza na kupasha kwa wakati mmoja, sehemu mbili tofauti, na kuvisawazisha hivyo viwili ndiyo ufundi wake.

Nakusihi pia usijaribu kutengeneza ombwe ndani ya mtungi wa kioo wa kawaida au sufuria usiyoijua uimara wake. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 30 hubebeshwa na hewa ya nje mzigo wa zaidi ya kilo 700. Kioo kikishindwa, hupasukia ndani na vipande huruka.

Kama lengo lako ni kuhifadhi mboga za kutumia ndani ya mwaka mmoja hivi, ushauri wangu ni kikaushio cha hewa moto cha nyuzi 50 hadi 60. Mboga zitasinyaa, na zitachukua muda mrefu kurudishiwa maji, lakini ni njia salama, rahisi na inayoeleweka. Mashine ya kugandisha ina maana kwako ikiwa una mavuno mengi, unataka miaka na si miezi, na uko tayari kuiacha ifanye kazi siku nzima hadi mbili kwa kila mkupuo.

Tuseme umeinunua. Mengi huharibikia kwenye maandalizi na kwenye ufungaji, huku mashine ikilaumiwa bure.

Anza na vimeng'enya, yaani kemikali za asili ndani ya mboga zinazochochea mabadiliko yake. Baridi huvilaza tu, haiviui. Mboga ikirudishiwa maji, na hata taratibu inapokaa ghalani, huendelea kubadili rangi, harufu na ladha. Kinachovimaliza ni joto, kwa hiyo mboga nyingi zipitishwe kwanza kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi: njegere dakika 1 na nusu, karoti zilizokatwa na mchicha dakika 2, maharage mabichi ya maganda na brokoli dakika 3. Zikitoka zitumbukizwe papo hapo kwenye maji ya barafu, kisha zichujwe hadi zisidondoshe tone, maana kila tone unaloliacha juu yake mashine italazimika kulikausha. Vitunguu, pilipili hoho na nyanya havihitaji kuchemshwa. Viazi usivikaushe vibichi kabisa, vitakuwa vyeusi; vichemshe hadi viive kidogo.

Kata vipande vya unene unaolingana, milimita 5 hadi 10, na uvitandaze safu moja. Njegere na punje za mahindi zina ngozi inayozuia mvuke kutoka. Kuzipasua au kuzitoboa huokoa saa nyingi. Gandisha trei zako kwenye friza ya kawaida usiku kucha kabla ya kuziingiza kwenye mashine. Hapa friza yako inakuwa na kazi nzuri sana. Parachichi na vyakula vyenye mafuta mengi viache pembeni. Njia hii huondoa maji, mafuta hubaki na kuchacha.

Kama pampu yako ni ya mafuta, yaangalie kila baada ya mkupuo. Yakiwa na ukungu yameingiwa na maji, na pampu yenye mafuta ya namna hiyo haiwezi tena kushusha mgandamizo inavyotakiwa. Utaona mikupuo inarefuka bila sababu, na trei za katikati zinatoka na unyevu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Kukausha kwa kugandisha hakuui bakteria. Maabara duniani kote huhifadhi bakteria hai kwa njia hii hii, kisha huwarudishia maji wakaendelea kuishi. Kinachoilinda mboga yako ni ukosefu wa maji tu. Vijidudu vingi vinavyoleta sumu kwenye chakula haviwezi kukua pale maji yanayoweza kutumika na vijidudu, ambayo wataalamu huyapima kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 1, yanapokuwa chini ya 0.85, na chini ya 0.60 hakuna kijidudu chochote kinachokua, hata ukungu. Mboga iliyokauka sawasawa iko chini kabisa ya hapo. Iliyokauka nusu haipo.

Mboga iliyokauka nusu ikifungwa pamoja na kifyonza oksijeni, kipakiti kinachoondoa oksijeni ndani ya mfuko, inaweza kuwa ya hatari kuliko ambayo hukuikausha kabisa. Bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, huishi udongoni, na mbegu zake sugu hufika jikoni juu ya karoti, viazi na majani. Humea mahali pasipo na oksijeni penye unyevu wa kutosha na joto la kawaida la chumba. Mfuko uliofyonzwa oksijeni, wenye kipande kimoja kinene ambacho moyo wake bado una barafu, unampa vyote hivyo. Barafu ile huyeyuka, unyevu husambaa, na sumu yake haina rangi wala harufu ya kukuonya.

Kwa hiyo usiiamini saa ya mashine inaposema kazi imekwisha. Toa trei zikiwa bado na joto, chagua vipande vinene zaidi, hasa vya katikati ya trei, uvivunje. Vinapaswa kukatika kwa mlio na kuwa vikavu hadi ndani. Gusa sehemu ya ndani kwa mdomo au kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: ukihisi ubaridi, kuna barafu imebaki. Rudisha trei zote.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mizani. Pima uzito wa trei, zirudishe kwenye mashine saa 2 zaidi, kisha pima tena. Uzito ukipungua, maji yalikuwa bado yanatoka, kwa hiyo endelea. Usipobadilika, zimekauka. Hesabu pia hukusaidia kujua unakoelekea. Karoti zina maji asilimia 88 hivi. Ukiingiza kilo 2, vitu vikavu ndani yake ni gramu 240, na baada ya kukausha utegemee gramu 245 hadi 250. Mizani ikisoma 300, umebaki na gramu 60 za maji, yaani asilimia 20 ya uzito wote, na hiyo si mboga ya kufunga. Karoti hutofautiana kidogo kwa maji, kwa hiyo hesabu ikuelekeze, lakini uzito usiobadilika ndio uamue.

Ukishathibitisha, fanya haraka. Vile vitundu vilivyoachwa na barafu hunyonya unyevu wa hewani ndani ya dakika chache, na siku ya mvua utauona ukakamavu ukipotea mbele ya macho yako. Andaa mifuko kabla ya kufungua mashine, na ufunge trei moja baada ya nyingine.

Mifuko ya plastiki ya kawaida, hata ile minene ya kunyonya hewa, hupitisha oksijeni taratibu. Inafaa kwa miezi. Kwa miaka, tumia mifuko yenye tabaka la alumini, inayozibwa kwa joto. Mitungi ya kioo yenye mifuniko inayobana nayo ni mizuri mradi ikae gizani, maana mwanga hupausha rangi na kuua vitamini. Kila mfuko uwe na kifyonza oksijeni, kile kipakiti chenye unga wa chuma. Wengi huweka kidogo mno kwa sababu wanahesabu mboga kama imejaza mfuko, kumbe mboga yenyewe imejaa hewa. Hesabu mfuko kana kwamba ni mtupu: lita 1 ya hewa ina mililita 210 za oksijeni, kwa hiyo mfuko wa lita 1 uwekee kifyonza cha mililita 300, na wa lita 4 cha 1,000. Usichanganye na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Huunyang'anya unga wa chuma unyevu mdogo unaouhitaji ili ufanye kazi. Vifyonza ulivyobakiza vifungie papo hapo kwenye mtungi mdogo, kwani vikikaa wazi vitamaliza nguvu zake kwenye hewa ya chumba.

Na ile miaka 25? Yawezekana kwa bidhaa ya kiwandani iliyopimwa unyevu na oksijeni, ikafungwa kwenye kopo na kukaa mahali pa baridi. Kwa mboga ya nyumbani nisingeahidi hivyo. Joto ndilo linaloamua zaidi: kwa makadirio, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mabadiliko yanayoharibu chakula huenda kwa kasi maradufu. Mfuko unaokaa chini ya paa la bati na ule unaokaa kwenye chumba cha nyuzi 18 havitazeeka pamoja. Karoti huathirika mapema, kwa kuwa rangi yake ya machungwa huliwa na oksijeni. Ukiiona inapauka, ujue kiasi cha hewa kilibaki au kimeingia. Panga kwa miaka michache, andika tarehe, na kila mwaka fungua mfuko mmoja wa zamani zaidi uule. Hapo utajua akiba yako iko katika hali gani badala ya kubahatisha.

Kuzirudishia maji ni rahisi. Majani hunywa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, vipande vya karoti huchukua zaidi kidogo, na zinazokwenda kwenye supu unaweza kuzitia kavu. Ila zikishaingiwa na maji ni mboga mbichi tena, na bakteria waliokuwa wamelala wameamka. Zipike mara moja au ziweke kwenye friji, nyuzi 4 au chini, na mjamzito, mzee au mtoto mchanga asipewe bila kupikwa. Ukifungua mfuko na kipande kikapinda badala ya kuvunjika, usionje kujaribu. Utupe wote.