Mita ilinisema mimi kwanza

Wiki iliyopita msomaji wa Donholm aliniuliza kama inafaa wapangaji 12 wachangie mita janja za maji, yaani zinazojisomea na kutuma hesabu kwenye simu. Swali hilo limenitonesha kidonda.

Nilikuwa mweka hazina wa maji katika ploti yetu ya Umoja. Kila mwezi mita ya langoni ilizidi jumla ya mita za nyumba, na kwa kuwa yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, majirani walianza kunitazama kama mtu anayeuza maji usiku. Mmoja aliniita mwizi mbele ya watoto wangu. Hajaniomba radhi mpaka leo, ingawa tunasalimiana.

Baada ya vikao nisivyotaka kuvikumbuka, tulifunga mita janja zinazosoma kila saa. Nakushauri utazame kwanza saa nane hadi saa kumi usiku, wakati watu wamelala. Nyumba zote zilisoma sufuri isipokuwa moja, nayo ilikuwa yangu. Nilitia rangi ya keki katika tangi la choo, na baada ya nusu saa bakuli likawa jekundu bila mtu kuvuta maji. Mita yangu kuukuu haikuhisi mtiririko mwembamba kama huo, lakini tangi la paani, linalojazwa kupitia mita ya langoni na kulisha nyumba zote, liliuhisi, na gharama ikagawiwa majirani.

Jambo la pili ni mahali pa kufunga mita. Hapa Nairobi maji huja kwa mgao, kwa hiyo mita ya langoni hukimbia siku ya zamu mpaka boya la tangi lifunge, kisha husimama. Isitoshe, bomba likirudiwa na maji husukuma hewa kwanza, na hewa nayo huzungusha mita za magurudumu. Mtaalamu wa mipango ya mji akitegemea mita hiyo pekee ataona kiu ya tangi, asijue sisi huoga saa ngapi wala hufua siku gani, kisha aamue ukubwa wa mabomba kwa picha isiyo yetu. Fungeni nyingine baada ya tangi, moja kwa kila nyumba.

Nasi wapangaji tuache kulaumu Ndakaini, bwawa linaloleta maji Nairobi, kila mfereji unapokauka, ilhali vyoo vyetu vinavuja usiku kucha. Nayasema haya nikijua kuwa nyumba ya yule aliyeniita mwizi ilisoma sufuri kila usiku.